Pumu ikibana usiku: majibu kwa wanaoshika nebulaiza, mashine inayogeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta

Shikamoo dada. Mtoto anapolia na kuikataa maski, nikiishika mbele ya uso tu inatosha? (Muuguzi mpya, Mbagala)

Marahaba. Haitoshi, mdogo wangu. Ule moshi unaopaa pembeni ya mashavu ndiyo dozi yake inayopotea. Na mtoto anayelia, dawa humwishia mdomoni na kooni badala ya kushuka kifuani. Mwambie mama ampakate, mgongo wa mtoto uegemee kifua chake. Mtoto aichezee maski kwanza, kisha mama aibane usoni taratibu. Lakini midomo ikiwa imegeuka rangi ya bluu, usingoje anyamaze.

Mashine inanguruma, mvuke hauonekani. (Mhudumu wa zahanati, Kigamboni)

Tazama kikombe cha dawa. Mgonjwa akilazwa chali, kikombe huinama na dawa hukusanyika pembeni, mkalishe wima. Ongeza salaini (maji ya chumvi ya hospitali) mpaka jumla ifike mililita 4 au 5. Usitumie maji matupu kamwe, yanabana kifua zaidi. Ukitumia mtungi wa oksijeni, fungua lita 6 hadi 8 kwa dakika. Kikombe kikianza kukoroma, kigonge kwa kidole: matone yaliyoganda ukutani yatashuka, na hiyo nayo ni dawa.

Nirudie baada ya muda gani? (Tabibu, Temeke)

Shambulio likiwa kali, kila dakika 20, mara tatu katika saa ya kwanza. Salbutamol, dawa ya kufungua njia za hewa, ni miligramu 5 kwa mtu mzima, 2.5 kwa mtoto wa chini ya miaka 5, pamoja na ipratropiamu, nayo ya kufungua njia za hewa. Prednisolone, dawa ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, itolewe mapema, maana huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Mikono kutetemeka na moyo kwenda mbio ni kawaida. Ninachokiogopa ni kifua kilichoacha kupiga filimbi huku mgonjwa amelegea: hapo hewa haipiti. Ita daktari papo hapo.

Umeme ukikatika na mtungi umeisha? (Mama wa mtoto mwenye pumu, Tandika)

Mama, inhela yako yenye spesa (kichupa kinachoshika dawa kabla ya kuvutwa) inatosha kwa shambulio lisilo kali sana, sawasawa na nebulaiza. Huna spesa? Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Toboa kitako kwa waya wa moto, tundu liubane mdomo wa inhela, zungushia plasta. Mtoto aweke midomo kwenye shingo ya chupa. Bonyeza mara moja, avute pumzi tano au sita, ndipo ubonyeze tena, hadi mara nne au sita. Asipopata nafuu, au akishindwa kuongea, panda bajaji umwahishe hospitali, ukiendelea kubonyeza njiani.