Kikundi kinapanda Menengai kila Jumamosi: nijiunge sasa au nijiandae kwanza?

SWALI: Hujambo daktari. Mimi ni mama wa miaka 47, naishi Section 58 hapa Nakuru. Ni mhasibu, nakaa kitini kutwa, na ofisi yetu iko ghorofa ya tatu. Jirani amenialika kwenye kikundi chao cha matembezi. Kila Jumamosi wanaanzia mjini saa kumi na mbili asubuhi, wanapanda hadi juu ya mlima wa volkano wa Menengai na kurudi, jumla kilomita 14, na ikifika saa tatu wako hotelini wanakunywa chai. Tangazo lao linasema wanaoanza wanakaribishwa. Nameza amlodipine ya presha, na goti la kulia hunisumbua nikishuka ngazi, si nikipanda. Nijiunge sasa au nijiandae kwanza? Na ninunue viatu gani?

JIBU: Sijambo, dada. Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, kwa hivyo dawa nitaigusa pale tu inapokutana na miguu.

Kutembea na watu ni wazo zuri, lakini safari hii ya Menengai iache kwanza. Kinachonitia wasiwasi si umri wako wala hilo goti. Ni hiyo chai ya saa tatu.

Wewe ni mhasibu, basi tupige hesabu. Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: kwa kilomita 5 hesabu saa moja hivi, kisha kwa kila mita 600 za kupanda ongeza saa nyingine. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Menengai inafika mita 2,278. Hapo kuna zaidi ya mita 400 za kupanda. Kilomita 14 ni saa mbili na dakika 48, mwinuko unaongeza dakika 40 na kitu. Jumla ni saa tatu na nusu, tena kwa mtu aliyezoea, asiyesimama kupiga picha. Wenzako wanamaliza kwa saa tatu, picha zikiwemo! Hao ni watu wa mbio. Waliandika "karibuni" kwa nia njema, sina shaka, ila mwendo wao haumkaribishi anayeanza.

Na kwenye kikundi cha namna hiyo, anayeumia ni wa mwisho. Walio mbele wanasimama kumsubiri, wanakunywa maji, pumzi inarudi. Yeye anafika akihema, nao wanasema "twende". Aliyechoka zaidi ndiye anayepumzika kidogo kuliko wote. Ndiyo maana nikiulizwa kuhusu kikundi chochote, siulizi wanatembea kilomita ngapi. Nauliza nani anatembea nyuma kabisa, na kama ni kazi aliyopewa au ni bahati mbaya tu. Muulize jirani yako pia: mkisimama, mnaondoka wa mwisho akifika, au akishapumzika? Na mtu akitaka kurudia njiani, nani anarudi naye? Wakijibu bila kubabaika, hicho ni kikundi. Wakicheka wakisema "hapa hakuna anayerudi", waachie mlima wao.

Sasa goti. Umesema linauma ukishuka, na hilo limenisaidia kuliko yote uliyoandika. Unapopanda, msuli wa mbele ya paja hujikunja na kukusukuma juu. Unaposhuka, msuli uleule unafanya kazi huku ukivutwa na kurefuka. Ndio breki yako. Ukiwa dhaifu, mzigo unaangukia pale mfupa wa mbele wa goti unapogusana na paja, na ndiyo sababu ngazi zinakusema. Kazi hiyo ya breki ndiyo pia inayowaachia watu maumivu ya mapaja siku ya pili na ya tatu, wakashindwa hata kukaa chooni. Habari njema ni kwamba msuli hujifunza haraka. Ukionjeshwa kushuka kidogo leo, kwa wiki kadhaa zinazofuata kushuka hakuuumizi kama mara ya kwanza.

Basi hiyo ghorofa ya tatu ni mali. Panda kwa lifti kama unataka, sitakusema, lakini shuka kwa miguu. Shika kishikio, shuka polepole ukihesabu moja, mbili kwa kila ngazi. Maumivu kidogo yanayoisha kabla ya kulala si neno. Yakiamka na wewe kesho yake, anzia ghorofa ya kwanza. Nyumbani, simama mbele ya kiti ukae ukihesabu hadi nne kabla makalio hayajagusa, mara kumi, siku tatu kwa wiki. Goti likivimba, likikwama, au likikuachia ghafla, acha haya yote uende ukaguliwe.

Mwendo wenyewe uanzie tambarare, barabara za mtaani kwenu, dakika 25 jioni nne kwa wiki, ukiongeza kidogo kidogo hadi ufike zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. (Hifadhi ya Ziwa Nakuru mnapakana nayo, lakini humo hakutembewi kwa miguu, wenyewe ni nyati na simba.) Saa ya kupima mapigo ya moyo huihitaji. Jaribu kuongea: ukiweza kuimba ubeti mzima wa wimbo wa kanisani, kaza mwendo, ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Siku utakayotembea kilomita 8 na kesho yake ukashuka ngazi za ofisini bila kunung'unika, uko tayari kupanda. Kwa mtu wa kitini hesabu wiki sita hadi nane.

Viatu vinunue jioni. Amlodipine huwavimbisha baadhi ya watu vifundo vya miguu, na miguu yenyewe hupanuka kadiri siku inavyokwenda. Kiatu kinachokukaa sawa saa mbili asubuhi kinaweza kukubana mchana. Mbele ya kidole kirefu bakisha nafasi ya upana wa kidole gumba, maana kwenye mteremko mguu husukumwa mbele, kucha zikagonga zikawa nyeusi. Raba za mtumba ni sawa, ila zipinde mikononi kwanza: gundi iliyokauka huachia soli katikati ya njia. Soli iwe na meno, kwani vumbi na changarawe za volkano huteleza kama mahindi yaliyomwagwa sakafuni. Uvimbe ukizidi, waambie kliniki yako, na dawa usiiache kwa uamuzi wako.

Bakora usiionee haya. Kushuka nayo kunaliondolea goti mzigo, na mpini wa jembe unatosha.

Kabla ya kupanda mara ya kwanza, pima presha. Ikisoma 180/110 au zaidi, siku hiyo ni ya kliniki, si ya Menengai. Ukiwa njiani kifua kikibana, kichwa kikawa chepesi, au pumzi ikakataa kurudi hata ukiwa umeketi, simama hapo hapo na usiachwe peke yako.

Na Jumamosi hiyo ya kwanza, mwambie kiongozi mapema kwamba utapanda kwa muda wa saa moja kisha ugeuke, popote utakapokuwa umefika. Weka nauli ya boda mfukoni.