Maswali ya gereji: Bolti za menifoldi zimekatikia kwenye hedi

Habari za kazi, fundi. Corolla yangu ya injini 5A ilikuwa inagonga tik tik asubuhi, ikishapata moto inanyamaza. Nimefungua menifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi wa injini) hapa nyumbani na nimekuta bolti mbili za pembeni zimekatika. Moja imebaki nje kama sentimita moja, nyingine imekatikia usawa wa hedi, yaani kichwa cha injini. Jirani anasema nitumie ekstrakta, kile kifaa kinachoingizwa kwenye tundu lililotobolewa katikati ya bolti ili kuizungusha itoke. Je, ni lazima hedi ishushwe? (Msomaji, Buhongwa)

Hedi usiishushe bado, na ekstrakta iache dukani kwanza. Ekstrakta ni chuma kigumu sana lakini hakipindi. Bolti iliyoshindikana kwa spana ikakatika haitafunguka kwa kipande chembamba kuliko yenyewe. Ekstrakta ikikatikia ndani, biti ya kawaida haiitoboi, na hapo ndipo hedi hushushwa kweli.

Za pembeni kukatika ni kawaida. Hedi ya 5A ni aluminiamu, menifoldi ni chuma cha kasti, na aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya kasti. Vyuma hivyo viwili huvutana kila injini inapowaka na kupoa, na mvutano huwa mkubwa kwenye ncha.

Anza na ile iliyochomoza. Isugue kwa brashi ya waya, ipulizie mafuta ya kulainisha kutu jioni na alfajiri, kisha itafute mashine ya kuchomelea. Usiikamate kwa praizi, utaimenya tu. Kama bolti ni ya milimita 8, valisha nati ya milimita 10, ili tundu pana liruhusu moto wa kuchomelea ufike katikati ya kipande, halafu jaza ndani ya nati kwa kuchomelea. Usiogope hedi: chuma hakishikani na aluminiamu. Faida kubwa hapa ni joto. Bolti hutanuka ikiwa imebanwa, na ikipoa inaachia kutu. Subiri wekundu uishe, gusisha mshumaa kwenye shina ili nta iyeyuke na kunywewa na nyuzi, kisha tia spana. Kaza kidogo kwanza, legeza robo, rudi, legeza tena. Nati ikichomoka, choma nyingine. Kurudia mara tatu si ajabu.

Kabla ya kuchomelea, chomoa waya hasi wa betri na soketi ya kompyuta ya gari, bana waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea kwenye hedi karibu na bolti, na sogeza mipira ya petroli. Na usisafishe sehemu hiyo kwa dawa ya breki yenye klorini: ikikutana na moto wa kuchomelea hutoa fosijeni, gesi ya sumu.

Ile ya usawa wa hedi hujengwa kwa matone ya kuchomelea katikati yake hadi iinuke, ndipo uvalishe washa na nati. Ikiwa imekatikia ndani zaidi, toboa. Eksozi ya 5A iko mbele, kwa hiyo ukitoa feni na rejeta drili inapata nafasi ya kuingia moja kwa moja bila kuinama. Gonga alama katikati kabisa, anza na biti ya milimita 3, mwendo mdogo, mafuta kila mara. Hatari ni biti kuteleza kwenda kwenye aluminiamu, ambayo ni laini kuliko bolti. Biti za kuzunguka kinyume ukizipata ni bora, maana mara nyingi bolti hutoka yenyewe wakati wa kutobolewa. Ikigoma, panda hadi biti ya milimita 6.8 kwa bolti ya 8 yenye nyuzi za 1.25 (nafasi kati ya uzi na uzi), kisha pitisha tapu, kifaa cha kukata nyuzi. Nyuzi zikiharibika, toboa 8.3 na uweke helikoili, yaani nyuzi mpya za waya uliosokotwa.

Usifunge kabla ya kuweka rula ya chuma kwenye uso wa menifoldi. Ikiwa imepinda, ipeleke kwa mkereza vyuma aisawazishe, la sivyo bolti mpya zitakatika palepale. Badilisha zote, weka gasketi mpya, na kaza kuanzia katikati kwenda nje.

Niliweka bolti za duka la vifaa vya ujenzi kwenye menifoldi, zimelegea baada ya wiki chache. Kwa nini? (Msomaji, Kirumba)

Bolti laini za kufungia mabati hurefuka zikipata joto la eksozi, na zikirefuka hazibani tena. Nunua stadi (bolti zisizo na kichwa) za menifoldi zenyewe na nati zake. Za stenlesi zinapendeza kwa macho, ila huumana nyuzi zikikazwa kavu, kwa hiyo zipake grisi ya shaba.

Bolti moja ya menifoldi haipo. Naweza kwenda Musoma na kurudi kwanza? (Msomaji, Igoma)

Hatukushauri. Moshi unaovuja una kaboni monoksaidi, haina harufu, na huingia ndani ya gari kupitia matundu ya hewa. Pia kwenye gari lenye sensa ya oksijeni, hewa inayonyonywa pale hudanganya kompyuta kwamba petroli ni kidogo, nayo huongeza. Angalia ukingo wa gasketi injini ikiwa baridi: masizi meusi yatakuonyesha tundu gani linavuja.