Wazee Walishika Ardhi kwa Sababu Shilingi Haikushikika

Katika kikundi chetu cha akiba na mikopo hapa Jinja, Uganda, ambako nimetunza vitabu vya hesabu kwa muda mrefu, upo ubishi unaorudi kila tunapojadili maombi ya mikopo ya vijana. Wazee husema kwamba vijana wa leo wanashika fedha nyingi kuliko wao walivyowahi kushika, na kwamba zote huishia kwenye simu na mavazi. Vijana hujibu kwamba mzee aliyeajiriwa kiwandani mwaka 1968 alipewa nyumba, akasomesha watoto na akanunua shamba kwa mshahara wake peke yake, ilhali leo mume na mke wakifanya kazi wote wawili hawafiki hapo. Nimewasikiliza sana, na ninaamini kwamba kila upande unasema kweli kuhusu kile unachokiona. Kinachonisikitisha ni kwamba hakuna anayeuliza mambo hayo yalitokana na nini, na kwa sababu hiyo wazee wanatoa ushauri uliokuwa dawa ya ugonjwa wa zamani, na vijana wanaumia kwa kuufuata.

Nianze na yale ambayo vijana wanasema kweli. Mji huu ulijengwa kwa ajili ya kazi. Bwawa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, viwanda vilifuata umeme: cha nguo, cha kuyeyusha shaba iliyoletwa kwa reli kutoka Kilembe, na vingine vingi, na nyumba za mtaa wa Walukuba zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka kila pembe ya nchi na hata ng'ambo ya mipaka. Ndiyo maana sisi tuliozaliwa katika nyumba zile tulikua tukizungumza Kiswahili, kwa kuwa jirani wa kushoto alikuwa Mjaluo, wa kulia Msamia, na wa mbele ametoka Arua. Baba yangu alikuwa mmoja wa wafanyakazi hao. Kodi ya nyumba ilikuwa ndogo kiasi kwamba sikuwahi kusikia ikitajwa kama tatizo, na kijana aliyefaulu kuingia Chuo Kikuu cha Makerere alisomeshwa, akalazwa na kulishwa kwa gharama ya serikali, na juu yake akapewa fedha za matumizi. Ardhi nayo ilikuwapo. Sensa ya mwaka 1969 ilihesabu watu milioni 9.5 katika Uganda nzima, na ile ya mwaka 2024 ikahesabu watu milioni 45.9 katika nchi ile ile isiyoongezeka hata pima moja. Kijana anayeshangaa kwa nini babu yake alipata ekari tatu na yeye hapati hata kiwanja cha futi hamsini kwa mia, sehemu kubwa ya jibu lake imo katika tarakimu hizo mbili.

Hata hivyo, hadithi hiyo huwa inakatishwa mwaka 1971, kana kwamba wazee hao walistaafu siku Idi Amin alipotwaa madaraka. Walikuwa bado vijana. Agosti 1972 Waasia walipewa siku 90 kuondoka nchini, biashara zao zikagawiwa kwa "mafuta mingi", yaani matajiri wapya waliopendelewa na utawala, ambao wengi wao hawakuwa na ujuzi wa kuziendesha, na katika miaka michache viwanda vilivyokuwa vikilisha mji huu vilikosa vipuri na mafundi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Sukari, katika wilaya iliyozungukwa na mashamba ya miwa, ikawa kitu cha kupanga foleni au cha kununuliwa kwa magendo. Mfanyakazi aliendelea kuamka na kwenda kazini kwa mshahara ule ule wakati bei zikipanda kila juma.

Ninacho kijitabu cha akiba cha baba yangu. Kurasa za mwanzo zina mwandiko wa wino wa buluu, na mwisho wa kila mwezi ameweka kiasi fulani bila kukosa, mara shilingi 20, mara 15, mwezi wa sikukuu shilingi 10. Salio la mwaka 1972 lilikuwa linakaribia bei ya baiskeli mpya. Hakutoa hata senti. Mwaka 1986 salio lile lile, pamoja na riba yake yote, halikutosha kununua kilo moja ya sukari. Hakuna mtu aliyemwibia, na hakufanya anasa yoyote. Shilingi yenyewe ndiyo iliyokufa ikiwa ndani ya kijitabu chake.

Mei 1987 serikali mpya, iliyoingia madarakani mwaka 1986, ilibadilisha fedha. Shilingi 100 za zamani zikawa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa kodi ya asilimia 30, kwa hiyo mtu aliyeleta noti za shilingi 100,000 za zamani aliondoka na 700 mpya. Kufuta sifuri mbili si hasara kwa kuwa bei nazo zilifutwa sifuri hizo, lakini ile asilimia 30 ilikuwa hasara halisi, na iliwaangukia waliokuwa na subira ya kuweka akiba. Katika miaka ya 1990 likaja punguzo la wafanyakazi wa serikali, kisha mwaka 1998 na 1999 benki kadhaa zikafungwa. Mtu aliyepitia mambo hayo yote akiwa na familia hawezi kuambiwa kwamba maisha yalimwendea kwa urahisi.

Na hapa ndipo ninapoona kiini cha jambo hili. Wazee walionunua ardhi, mabati na ng'ombe hawakufanya hivyo kwa sababu fedha zilikuwa zimewajaa. Walifanya hivyo kwa sababu shilingi iliyolala ndani ya nyumba iliyeyuka, na kitu chochote kisichokuwa shilingi kilikuwa salama zaidi. Ardhi wakati huo ilikuwa rahisi na fedha ilikuwa hatari, kwa hiyo kuikimbia fedha na kuikimbilia ardhi ilikuwa busara. Sisi leo tunakiona kiwanja cha mzee kilichopanda bei na kudhani tunatazama ushahidi wa neema, wakati tunatazama mahali alipojificha.

Hali ya kijana wa leo imepinduka. Shilingi, pamoja na udhaifu wake, imetulia kwa kiasi ambacho baba yangu asingeamini. Tulipata mtikisiko mwaka 2011, bei zilipopanda kwa karibu asilimia 30 kwa mwaka, lakini kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata kasi hiyo imekuwa chini ya asilimia 10, na mwaka 2024 ilikuwa chini ya 5. Vilivyomkimbia kijana ni kazi, nyumba na ardhi. Binti wa kaka yangu anafundisha katika shule ya msingi ya binafsi kwa shilingi 400,000 kwa mwezi. Kodi ya mapato inachukua 23,000, kwa kuwa kiwango kisichotozwa kodi kilibaki shilingi 235,000 kwa zaidi ya miaka kumi tangu 2012 huku bei zikiendelea kupanda. Mchango wake wa NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, ni 20,000. Katika 357,000 zinazobaki, chumba kimoja chenye choo cha kushirikiana kinachukua 120,000, na ada ya mdogo wake haina mwezi wa kupumzika, kwa sababu hata pale elimu ya msingi ya bure iliyoanza mwaka 1997 inapofika, sare, chakula na michango mingine humrudia mzazi. Nilipomwambia kwamba wazee wanadai anapoteza fedha kwenye simu, alinijibu kwa upole, "Shangazi, hata mshahara wenyewe unaingia kwa simu, na kuutoa ni lazima nilipie."

Binti huyo alinijia akitaka mkopo wa shilingi 10,000,000 ili anunue kiwanja, kwa kuwa mjomba wake alimwambia kwamba mtu asiye na kiwanja akifika miaka thelathini amepotea. Tuliketi mezani tukapiga hesabu. Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka, ukilipa kwa miaka minne, kila mwezi utatoa takriban shilingi 304,000, na mwishoni utakuwa umelipa kama 14,600,000. Mshahara wake wote usingebakiza hata nauli. Wapo wenye mishahara mikubwa kuliko yake ambao hufanya jambo hilo hilo, kisha hukopa mahali pengine ili wale, na kiwanja kinauzwa kwa haraka na kwa bei ya hasara kabla hawajapanda hata mgomba mmoja. Mjomba hakumdanganya. Alimpa ushauri ambao mwaka 1985 ungemwokoa, wakati deni lilikuwa likiyeyuka pamoja na shilingi. Leo shilingi haiyeyuki kwa kasi ile, na deni halimalizwi ila kwa jasho.

Ninachomshauri kijana wa kipato cha kawaida ni kuacha kuogopa kuweka fedha kama fedha, mradi aziweke mahali zinapofanya kazi. Hati fungani za serikali, yaani mkopo unaoipa serikali nayo ikakulipa riba, hununuliwa kupitia benki za biashara kuanzia shilingi 100,000, na kodi ya riba yake ni asilimia 20, au asilimia 10 kwa zile za miaka kumi na zaidi. Vikundi vya akiba vinafaa pia, lakini usiweke fedha katika kikundi kisichoonyesha hesabu zake kwa wanachama kila mwaka, hata kama mwenyekiti ni ndugu yako wa damu. Umwulize mwajiri wako waziwazi kama anapeleka michango ya NSSF, kwani tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022 kila mwajiri anawajibika, hata mwenye mfanyakazi mmoja, na asilimia 10 anayotakiwa kuongeza juu ya asilimia 5 yako ni sehemu ya mshahara wako. Sheria hiyo pia inamruhusu mwanachama aliyefikisha miaka 45 na kuchangia kwa miaka kumi kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Hapo kiwanja kinaweza kununuliwa kwa fedha yako mwenyewe, baada ya kuhakiki umiliki katika ofisi ya ardhi na kuwauliza majirani wanaopakana nacho, maana kiwanja kimoja kuuzwa kwa watu wawili si jambo geni hapa.

Kwa wazee wangu nina maombi mawili, na ninayaomba kwa heshima yote. Kwanza, mnapozungumza na vijana, waonyesheni pia mlichopoteza. Kijana aliyeona kijitabu cha baba yangu hawezi tena kusema kwamba babu yake aliokota mali njiani, na hatahitaji kutukanwa ili aweke akiba. Pili, wengi wenu mna ekari zinazolimwa nusu kwa kukosa nguvu, wakati wajukuu wana nguvu na hawana pa kulima. Si lazima muwagawie urithi mkiwa hai. Mkodishieni kijana nusu ekari kwa misimu kadhaa, kwa malipo ya sehemu ya mavuno, na mkataba uandikwe mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, na watoto wengine wakiwapo. Utaje mipaka, utaje miaka, na useme bayana nani atavuna kahawa iliyopandwa endapo mzee atafariki kabla ya muda kwisha, kwa sababu kesi nyingi za familia zinazoletwa mezani kwetu huanzia kwenye miti hiyo.