"Bakteria hii" au "bakteria huyu"?

Msomaji ambaye ni afisa ugani, na anayeandaa kipeperushi kuhusu mnyauko wa viazi mviringo, anauliza: "Niliandika 'Bakteria hii imegawanywa katika aina tatu'. Mwenzangu akasahihisha: 'Bakteria huyu amegawanywa katika aina tatu'. Nani yuko sahihi?"

Kwa upatanisho, mwenzako. Neno la mkopo lisilo na kiambishi huelekea ngeli ya I-ZI, na ndiko sikio lako lilikokupeleka. Lakini bakteria ni kiumbe hai, na uhai hushinda umbo, kama ilivyo kwa samaki na simba. Mti nao una uhai, najua, ila mimea haiingii katika ngeli hiyo ya viumbe hai, A-WA; mti hubaki katika U-I.

Hata hivyo, sentensi iliyosahihishwa imezidi kuharibika, kwa sababu "bakteria huyu amegawanywa" humfanya msomaji aone kijidudu kimoja kilichokatwa vipande vitatu. Kilichogawanywa ni kundi, na kundi hilo kitaalamu huitwa spishi. Erwin Smith wa Marekani alilieleza mwaka 1896 kwa jina la Bacillus solanacearum. Baadaye lilihamishwa kutoka jenasi (kundi la spishi zenye undugu) moja hadi nyingine, na mwaka 1995 likawekwa katika jenasi ya Ralstonia. Mwaka 2014 watafiti walilitenganisha kuwa spishi tatu: R. solanacearum, R. pseudosolanacearum na R. syzygii. Basi andika: "Spishi iliyoitwa Ralstonia solanacearum ilitenganishwa mwaka 2014 kuwa spishi tatu." Hapo kitenzi kinafuata spishi, ambayo ni ya I-ZI, wala hakuna anayekatwa.

Neno "aina" ningeliepuka hapa. Mkulima akisikia aina, hufikiria mbegu, kama Shangi kule Kenya. Isitoshe, "aina tatu za bakteria wa viazi" zaweza pia kuwa Ralstonia wa mnyauko, Pectobacterium wa kuoza laini na Streptomyces wa ukoko wa ganda, ambao ni jenasi tatu zisizo na undugu wa karibu. Spishi ni ngazi iliyo chini ya jenasi, ilhali "aina" haionyeshi ngazi yoyote.

Kwa kweli mkulima hahitaji majina hayo ya Kilatini. Yabaki kwenye ukurasa wa maafisa. Kwenye ukurasa wake zungumzia bakteria wenyewe, kwa wingi, na ngeli ya A-WA itakuja bila kulazimishwa: "Bakteria hawa huingia kupitia mizizi, wakaongezeka ndani ya mirija ya maji hadi wakaiziba, na mmea ukanyauka ungali kijani. Kata kiazi katikati: ukiona duara la kahawia karibu na ganda, na ukikibana kikatoa ute mweupe, usikihifadhi kwa mbegu."