Re: Mistari ya FT8 naiona, mbona haisomi?

Ndugu wa Mbale, kama mistari ya FT8 (njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa redio za ridhaa kupitia kompyuta) unaiona kwenye WSJT-X, programu ya kuisoma, ila maandishi hayatoki, redio na waya wa sauti huenda ni vizima. Kagua saa ya kompyuta kwanza. FT8 hukata muda vipande vya sekunde 15. Saa ikipishana kwa sekunde mbili tatu, husomi kitu. Kompyuta kuukuu za mezani, ile betri ya kidonge inayotunza saa ikifa, umeme ukikatika tu saa inarudi nyuma (na umeme wetu unaujua). Badilisha betri, chagua saa za Kampala, iache ijirekebishe kwa intaneti.

Kurusha mawimbi yako mwenyewe ni mpaka upate leseni ya UCC (Tume ya Mawasiliano ya Uganda). Ukishaipata, punguza sauti ya kompyuta hadi sindano ya ALC (kipimo cha redio kinachoonyesha sauti imezidi) isitikisike. Ukizidisha, utawachafulia wenzako masafa ya FT8 ya 14.074 MHz yote.