Kwa nini Jaromír Jágr alidumu barafuni muda mrefu hivyo

Umeuliza kama mchezaji wa hoki ya barafuni anaweza kufika miaka 40 akiwa bado tegemeo. Anaweza, ila ni wachache mno. Mtazame Jaromír Jágr wa Jamhuri ya Cheki. Pittsburgh Penguins, timu ya NHL (ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini), walimchagua mwaka 1990 akiwa na miaka 18, akabeba Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi hiyo, 1991 na 1992, kisha dhahabu ya Olimpiki kule Nagano 1998. Aliondoka NHL 2018 akiwa na mabao 766 na pasi za mabao 1,155. Kwa jumla ya mabao na pasi hizo anatanguliwa na Wayne Gretzky peke yake! Baadaye akarudi kwao Kladno, akaendelea kucheza hata baada ya kutimiza miaka 50.

Hakutegemea mbio tu. Akiwa kando ya ukuta anampa beki mgongo, anakunja magoti, anasukuma nyonga nyuma na kunyoosha gongo mbali, na kile kisahani kinachochezwa badala ya mpira hakifikiwi kabisa. Kasi hupungua mapema, lakini nguvu za mapaja na akili ya kujipanga hudumu, na Jágr alizifanyia mazoezi hata usiku wa manane.