Ndugu wawili ndani ya teksi

Ndugu yangu, umeuliza ni kipande gani cha filamu za zamani hakisahauliki. Kwangu ni kile cha ndani ya teksi katika On the Waterfront ya 1954. Charley (Rod Steiger) anamtolea bastola mdogo wake, Terry. Marlon Brando, anayeigiza Terry, hafoki. Anaisukuma kando taratibu, kwa huruma, akitikisa kichwa. Kisha anamkumbusha: ni wewe, Charley, uliyeniambia nishindwe lile pambano la ndondi ili wakubwa wapate pesa za kamari. Ndoto ya ubingwa ilifia pale. Hapo pana nyuso mbili tu na pazia kwenye kioo cha nyuma, na kila nikikitazama machozi hunitoka.